Mkono wa juu umevunjika na kiganja hakinyanyuki: plasta, brasi au chuma?

Alivunjika akishindana nguvu za mkono juu ya meza ya baa. Mlio, alisema, ulisikika hadi kwa mchoma nyama. Alipofika kwangu siku ya tisa alikuwa na plasta ya muda iliyoanzia kwapani, ikapita chini ya kiwiko na kupanda hadi begani, na eksirei ndani ya bahasha ya kaki. Picha ilionyesha mfupa wa mkono wa juu umepasuka kwa kuzunguka, theluthi ya chini, mithili ya kijiti kibichi kilichosokotwa. Ila kilichomkosesha usingizi hakikuwa mfupa. Aliuleta mkono mbele yangu, kiganja kikaning'inia na vidole vimelegea. "Daktari, huu mkono umekufa?"

Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi ya viungo, lakini ukishavaa koti jeupe umeshakuwa daktari. Nilimwambia haujafa, umezimika. Na kwamba ana maamuzi mawili mbele yake: mfupa ufungwe kwa nini, na kiganja kishikiliwe na nini wakati neva, yaani mshipa wa fahamu unaokiinua, inasubiriwa. Wengi wanaokuja huwa wamebishana na ndugu zao wiki nzima juu ya la kwanza, hogo (plasta ngumu ya kuzungushia mkono) au chuma, na la pili hakuna aliyewagusia. Nawalinganishia yote mawili.

Neva hii imepata wapi kuumia

Neva ya radiali hutoka kwapani, huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu ikiwa imeulalia karibu kabisa, halafu kuelekea theluthi ya chini hutoboa ukuta wa nyama kuja upande wa mbele. Hapo inapotoboa imebanwa, haina pa kukwepea. Mfupa ukikatika kwa kuzunguka mahali hapo, ncha yake huweza kuivuta, kuiponda au, mara chache, kuikata. Arthur Holstein na Gwilym Lewis waliueleza mvunjiko wa namna hii mwaka 1963 na mpaka leo unaitwa kwa majina yao. Tukichukua mivunjiko yote ya shina la mfupa huu, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 huwa na neva ya radiali iliyozimika.

Kuipima si kazi. Mwambie mgonjwa ainue kiganja kama trafiki anayesimamisha gari, kisha anyooshe vidole, kisha anyanyue dole gumba. Gusa ngozi ya mgongo wa kiganja, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada, umuulize kama anahisi sawa na mkono wa pili. Kuna mtego mmoja. Ukimshikia kifundo cha mkono, viungo vya mbele vya vidole vitanyooka kidogo na familia itashangilia. Vile vinanyooshwa na neva nyingine, haihusiki kabisa na hii. Tazama vifundo vikubwa, vile vinavyojitokeza ukikunja ngumi. Kama havinyooki, radiali bado imelala.

Kipimo hiki kifanywe na kiandikwe kwenye faili kabla mfupa haujavutwa wala kufungwa. Neva iliyozimika wakati wa ajali na ile iliyozimika baada ya mtu kuvutwa mkono hazifikiriwi sawasawa, na bila maandishi hakuna atakayekumbuka.

Sasa la kutia moyo: pale ambapo ngozi haikupasuka, neva 7 hadi 9 kati ya 10 hurudi zenyewe. Ndiyo maana mwenye kiganja kilicholegea hapelekwi moja kwa moja chumba cha upasuaji. Jamaa zake wakisikia hivyo hudhani amepuuzwa kwa sababu hana pesa.

Mfupa: njia nne zilizopo

Plasta ya umbo la U, ile aliyokuja nayo mgonjwa wangu, ni ya siku za mwanzo. Inafungwa mapokezi kwa dakika chache, inatuliza maumivu, inakupa nafasi ya uvimbe kushuka. Kwa wiki moja hadi mbili hakuna cha kuilaumu. Shida ni kuigeuza kuwa tiba ya miezi miwili. Huteleza ikashuka, hulowa jasho kwapani hadi ngozi ikachubuka, na mwisho inakuwa mzigo tu uliofungwa kando ya mfupa. Nimeona watu waliokaa nayo wiki sita kwa sababu hakuna aliyewaambia warudi.

Hogo la kuning'inia hufunika kuanzia juu kidogo ya mvunjiko, likakunja kiwiko na kuteremka hadi kifundo, nalo likafungwa kamba shingoni. Uzito wake ndio dawa: unavuta mfupa ukae kwenye mstari. Basi ni lazima uwe wima mchana na usiku, maana ukilala chali hogo halivuti tena. Kwa mfupa uliokatika kwa mkato wa kulala, uzito ule ule unaweza kuzitenganisha ncha mbili na zikakataa kuungana. Kwa mwenye neva iliyolala nina sababu nyingine ya kulikataa: kiwiko kinakauka humo ndani. Faida yake ni kwamba linapatikana popote penye plasta na maji.

Brasi ndiyo ninayoitetea, basi niitolee nafasi zaidi. Ni maganda mawili ya plastiki, moja mbele na moja nyuma, yanayoukumbatia mkono kuanzia chini ya bega hadi juu ya kiwiko, yamefungwa kwa mikanda ya velkro. Bega liko huru, kiwiko kiko huru, kiganja kiko huru. Augusto Sarmiento, daktari wa mifupa mzaliwa wa Kolombia aliyefanya kazi Miami, ndiye aliyeieneza kwa makala yake ya mwaka 1977, na wengi bado wanaiita kwa jina lake. Watu huuliza, plastiki laini namna hii itazuiaje mfupa? Plastiki yenyewe haiushiki mfupa. Inaibana nyama pande zote, na nyama iliyobanwa pande zote haina pa kwenda, kama maji ndani ya mfuko uliofungwa. Ndiyo inayoushika mfupa kati. Uzito wa mkono unaoning'inia unanyoosha mstari, na kule kutikisika kidogo kwa misuli kunauamsha mfupa ujenge.

Mfupa hautaungana ukiwa umenyooka kama rula, na si lazima. Mkono una bega linalozunguka kila upande, hivyo unasamehe mengi: kupinda kwa mbele hadi nyuzi 20, kupinda kwa pembeni hadi nyuzi 30, kufupika hadi sentimita 3, na mtu akaendelea kuinua mwiko na kufunga vifungo vya shati. Daktari akikuonyesha eksirei iliyopinda na kukwambia inafaa, hakudanganyi.

Mwaka 2000 Sarmiento na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 620 waliofuatiliwa: mifupa iliyokataa kuunga haikufika asilimia 2 kwa waliovunjika bila kidonda, na ilikuwa 6 kwa wenye kidonda. Namba tamu. Waliorudia baadaye kwingine hawakuzipata. Ufini walilinganisha watu 82 kwa kura, wengine wakawekewa chuma na wengine brasi, wakatoa majibu mwaka 2020: baada ya miezi 12 matumizi ya mkono hayakutofautiana kwa kiasi cha maana, lakini karibu 3 kati ya 10 waliopangiwa brasi waliishia kupasuliwa njiani. Naliweka wazi hili kwa sababu ukichagua brasi unachagua pia uwezekano huo. Mtu akija wiki ya kumi mfupa bado unacheza, asijione amedanganywa.

Upasuaji, yaani kuwekewa chuma, una sura mbili. Bamba hufungwa kwa skrubu ubavuni mwa mfupa, na ili lifungwe daktari lazima afungue nyama na kuikuta neva kwa macho. Kwa mwenye neva iliyolala hiyo ni faida: anaona kama imepondeka, imenaswa au imekatika. Msumari wa ndani hupitishwa kwenye uboho bila kufungua pale palipovunjika, kidonda ni kidogo, ila neva haionekani, na kama imenaswa kati ya ncha za mfupa msumari unaweza kuimaliza. Kwa mvunjiko wa theluthi ya chini wenye kiganja kilicholegea, kama upasuaji umeamuliwa, muulize daktari kuhusu bamba kwanza. Hospitali nyingi zetu zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji hutumia msumari wa SIGN, uliobuniwa kufanya kazi bila mashine hiyo. Ni msaada mkubwa, hasa kwa mifupa ya miguu.

Faida ya chuma: mfupa unatulia siku hiyohiyo, unalala unavyotaka, hakuna mikanda ya kukaza. Hasara yake watu hawaambiwi vya kutosha. Neva ile ile inaweza kujeruhiwa na upasuaji. Wapo wanaoingia wakinyanyua kiganja na kutoka hawanyanyui. Kuna usaha, kuna hatari ya dawa ya ganzi, na kuna gharama ya kurudi kutoa chuma ikibidi.

Kuhusu mhazigi, yaani muunga mifupa wa kijijini, niseme kidogo. Sidharau mikono yao, na vibanzi vya mianzi vilivyofungwa vizuri ni ndugu wa brasi. Lakini kukandwa na kuvutwa mfupa wenye ncha kali kando ya neva ni hatari, na kufungwa kwa kubana mpaka vidole vivimbe na kuwa baridi kumewapotezea watu mikono.

Nani avae nini

Kama ngozi haikupasuka, vidole vina joto na mapigo ya kifundo yapo, una mwili wa wastani, unaweza kulala umeegemea mito na unaweza kurudi kliniki kila wiki kwa mwezi wa kwanza, basi plasta ya U kwa siku 7 hadi 14, kisha brasi, pamoja na gango la kifundo, kifaa cha kukishikilia kiganja kisining'inie. Neva iliyolala peke yake si sababu ya kuikataa brasi. Kinyume chake, brasi ndiyo inayokuacha uuone mkono kila asubuhi na kujua lini kidole cha kwanza kimecheza. Ndani ya hogo refu usingejua.

Chuma kinakuja mbele kama ngozi imepasuka na mfupa umetoka, kama ni panga au risasi, kama mshipa mkubwa wa damu umekatika, au kama umevunjika na mguu pia na utahitaji magongo. Kwa jeraha la wazi lenye neva iliyozimika, usikubali kuambiwa tusubiri bila neva kutazamwa. Huko uwezekano wa kukatika ni mkubwa. Kidonda kikiwa kichafu sana utaanzishiwa vyuma vya nje, zile "antena", hadi kisafike. Neva iliyozimika baada ya kuvutwa mfupa madaktari wenyewe wanagombania: zamani walifungua mara moja, siku hizi wengi husubiri.

Kuna kundi la katikati. Mwenye mwili mnene au matiti makubwa, mkono wake unalala juu ya ubavu na kuusukuma mfupa upinde kwa nje. Brasi kwake inahitaji macho ya karibu zaidi. Na yule anayekaa mbali na kliniki, nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na chakula cha siku mbili. Kwake sina jibu la kitabuni. Brasi isiyokazwa wala kutazamwa ni ganda tu. Akipata bamba kwa bima na daktari mzoefu, mimi sitambishia.

Kuishi na brasi

Mwezi wa kwanza uvimbe unashuka na misuli inanywea, kwa hiyo mikanda iliyobana Jumatatu imelegea Jumatano. Kaza kila asubuhi na kila jioni, hadi ganda lisizunguke ukilishika, lakini vidole visibadilike rangi. Vaa soksi ya pamba au mkono wa fulana ya zamani ndani yake, na uwe na mbili za kubadilisha. Dar au Mombasa hiyo si hiari. Ikishuka hadi kwenye mkunjo wa kiwiko, legeza, pandisha, kaza upya.

Usiegemeze kiwiko. Hili ndilo linalovunja kazi ya wiki tatu kwa jioni moja: mtu anakaa kwenye sofa, anaweka kiwiko juu ya mkono wa kiti, na mfupa unasukumwa kwenda juu na kupinda. Vivyo hivyo kitambaa kipana cha pembetatu kinachobeba kiwiko. Tumia utepe mwembamba unaoshika kifundo tu, kiwiko kining'inie. Kuvaa shati na kuoga kwapa, inama mbele kama anayefagia uwanja kwa fagio la chelewa, mkono uning'inie wenyewe, uutikise kwa duara ndogo. Hilo ni zoezi pia. Kiwiko kikunje na kukinyoosha tangu maumivu yanaporuhusu. Kuinua mkono pembeni kwa nguvu, bado. Kwa kawaida brasi hukaa wiki 8 hadi 12, na anayeamua kuivua ni eksirei pamoja na mkono wa daktari.

Sehemu nyingi hutapata brasi dukani. Inatengenezwa karakana ya viungo bandia ya hospitali kubwa, na mafundi wengi wa kanda hii wamesomea TATCOT, chuo cha mafundi hao, pale hospitali ya KCMC, Moshi. Iliyopimwa kwenye mkono wako ni bora kuliko ya saizi ya kati, kubwa, kubwa zaidi.

Kiganja: gango lipi

Fanya jaribio hili kwa mkono wako mzima. Legeza kifundo, kiganja kining'inie chini, kisha kunja ngumi kwa nguvu zako zote. Umeona? Ngumi haibani vizuri. Sasa inua kifundo kidogo ukunje tena. Misuli ya kukunja vidole haijaguswa na jeraha hili; inakosa tu kifundo cha kuivutia. Gango linarudisha kile kifundo, na mgonjwa hushika kikombe siku hiyohiyo. Kwa gharama yake, sijui kifaa kingine kinachompa mtu furaha ya haraka namna hiyo.

Gango tuli ni ubao wa plastiki, ngozi au hata plasta, unaolala chini ya mkono na kuinua kifundo nyuzi 20 hadi 30. Liishie kabla ya mistari ya kiganja ili vidole vikunjike hadi mwisho. Mengi yanayouzwa madukani yanapita hapo na kuvifunga vidole bila sababu. Ni rahisi, imara, linafaa kulala nalo na kupanda nalo daladala. Upungufu wake ni kwamba vidole havijifungui. Kushika chupa, unavifungua kwanza kwa mkono wa pili.

Gango la mpira lina mnara mdogo juu ya mgongo wa mkono, na kutoka hapo nyuzi au raba zinavuta vidole vinyooke. Unakunja kwa nguvu yako, raba inafungua. Fundi cherehani, mwandishi, mtu wa kompyuta atalipenda. Mkulima ataligonga kila mahali. Linanasa kwenye mikono ya kanzu na kwenye khanga, na linataka mtaalamu wa kulirekebisha. Mgonjwa wangu wa baa, ambaye ni fundi umeme, alilivaa siku nne akalirudisha. Akabaki na tuli.

Mwenye uwezo wa moja tu achukue tuli. Mwenye uwezo wa mawili, la mpira mchana, tuli usiku. Lolote utakalochagua, livue mara tano au sita kwa siku, na kwa mkono mzima ukinyooshe kifundo na vidole pamoja hadi mwisho, taratibu. Neva ikirudi ikakuta viungo vimekauka, imerudi bure. Mgongo wa kiganja wenye ganzi uuweke mbali na jiko la mkaa na pasi. Hautakwambia kwamba unaungua.

Kusubiri kwa tarehe

Neva iliyopondeka tu huamka ndani ya wiki chache. Kwa wastani dalili ya kwanza huja wiki ya saba hivi, na kupona kabisa huchukua karibu miezi sita. Iliyokatika nyuzi zake za ndani hukua upya milimita 1 kwa siku, kama inchi moja kwa mwezi. Hurudi kwa mpangilio: kwanza msuli wa juu wa mkono wa chini, unaotuna ukikunja kiwiko huku dole gumba likitazama juu, kisha kifundo, kisha vidole, dole gumba la mwisho.

Kipimo cha umeme wa misuli hakina maana siku za kwanza. Kifanywe baada ya wiki tatu au nne. Mashine ya altrasaundi mikononi mwa mjuzi inaweza kuonyesha mapema kama neva imekatika. Miezi mitatu hadi minne ikipita bila chochote kucheza, omba kuonana na daktari wa kupasua neva, usingoje mwaka. Na hata isiporudi, kuna upasuaji wa kuhamisha kano zinazofanya kazi zikainue kifundo na kunyoosha vidole, na matokeo yake kwa neva hii ni mazuri.

Huwa nawaandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya ganda la brasi, maana karatasi hupotea. La fundi umeme lilikuwa na tatu. Siku ya kuvunjika. Siku ya kipimo cha umeme. Ya tatu aliiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka: siku 52, kiganja kimenyanyuka nikipiga mswaki.